Mwandishi, Mjenzi na Mlango Uliosimama Nyasini: Kufundisha Watu Wazima Kuandika kwa Gemu za Dunia Pepe

Mwanafunzi wangu mmoja, fundi ujenzi wa miaka mingi, aliandika hivi: “Jenga ukuta wenye urefu wa matofali kumi, uwe mbele ya mti. Mlango uwe kushoto.” Karatasi ikapelekwa kwa mwenzake aliyekaa chumba cha pili mbele ya kompyuta. Baada ya dakika 15 tukaenda wote kutazama. Mwenzake alikuwa amepandisha matofali kumi, moja juu ya jingine, mnara mwembamba kama nguzo ya umeme, tena upande wa pili wa mti. Mlango ulikuwa umesimama peke yake nyasini, haujashikana na chochote.

Fundi akaguna. “Mimi nimeandika vizuri, huyu ndiye hajui kusoma.” Akaichukua karatasi yake, akaisoma polepole, akanyamaza. Kisha akaomba kalamu.

Kwa miezi miwili nilikuwa nimemwandikia pembeni mwa daftari lake “eleza zaidi”, naye kila mara alikuwa akiniongezea sifa: ukuta mzuri, ukuta imara, ukuta wa kupendeza. Mwalimu akikuambia sentensi yako haieleweki, unaweza kubishana naye. Mnara huwezi kubishana nao. Hiyo ndiyo sababu pekee inayonifanya nitumie gemu hizi darasani, na hatua zote zilizo hapa chini zinaitumikia hiyo: maandishi ya mwanafunzi yafike kwa mtu asiyemwona mwandishi, mtu huyo afanye kitu kwa kuyafuata, na matokeo yaonekane.

Ninaposema dunia pepe nina maana ya gemu ambayo mchezaji anaingia kwa umbo lake, anatembea, anajenga, anakutana na wenzake, na alichokijenga anakikuta kesho. Gemu za mpira na mbio za magari hazitusaidii hapa, hata kama wanafunzi watazipigia kura.

Hatua ya 1: Chagua ugonjwa kabla ya dawa

Usianze na gemu. Chukua kazi tatu au nne za mwisho za wanafunzi wako, uzisome ukitafuta jambo moja linalowasumbua wengi. Labda hawampi msomaji taarifa za kutosha. Labda wanaruka hatua kwa sababu wao wanazijua. Labda aya zao hazina mpangilio, au wanaandika barua rasmi kwa lugha ya ujumbe wa simu. Andika jambo hilo kwa sentensi moja, ulibandike mahali unapoliona. Usipofanya hivyo, wiki ya tatu utajikuta na kijiji kizuri cha matofali na daftari tupu. Yamenikuta.

Hatua ya 2: Chagua dunia

Minecraft ndiyo inayojulikana zaidi. Toleo lake kamili lilitoka mwaka 2011, na lipo toleo la shule liitwalo Minecraft Education. Kwa mwalimu wa uandishi ina vitu viwili vya thamani. Cha kwanza ni kibao: kina mistari minne tu, na kila mstari unameza herufi kama 15 hivi, kwa hiyo mtu anayependa maneno mengi atatoka jasho. Cha pili ni kitabu chenye kalamu, ambacho mchezaji anaandika kurasa zake kisha, akiridhika, anakitia saini. Akishatia saini hawezi kukibadilisha tena. Sijui mtu aliyekibuni alikuwa anawaza nini, lakini sijapata njia bora ya kumfundisha mtu mzima tofauti ya rasimu na nakala safi. Mikono huwa mizito kwenye kile kitufe.

Minecraft inanunuliwa. Kama huna fungu, pakua Luanti, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ilianza mwaka 2010 kwa jina la Minetest, ikabadilishwa jina mwaka 2024, kwa hiyo usishangae ukiona majina yote mawili. Inaenda hata kwenye kompyuta za zamani. Tahadhari moja: Luanti yenyewe ni kama jukwaa, na gemu unaipakua ukiwa ndani yake, kwenye sehemu ya maudhui. Ifanye kazi hiyo siku moja kabla, ukiwa na intaneti nzuri. Baada ya hapo kompyuta moja inaweza kuwa seva, yaani mwenyeji wa dunia, na zingine zikajiunga nayo kwa mtandao wa ndani ya chumba, bila intaneti kabisa. Hakikisha zote zina toleo lilelile, maana toleo likitofautiana utapoteza kipindi kizima ukitafuta mchawi.

Second Life, iliyoanza mwaka 2003, ni ya aina nyingine. Imekusudiwa zaidi watu wazima, ina maumbo yanayofanana na binadamu, na mazungumzo ya kuandika yanasikika kwa walio karibu tu, umbali wa mita 20. Inafaa kwa mazoezi ya mazungumzo, mahojiano na mikutano. Lakini inadai kompyuta yenye nguvu na intaneti ya kudumu, na wageni wasiowahusu wanaweza kupita hapo mlipo. Mimi huitumia kwa nadra.

Na kama kompyuta zako ni chakavu kabisa, kumbuka baadhi ya dunia pepe za kwanza hazikuwa na picha hata moja. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walitengeneza MUD, dunia ambayo kila chumba kilikuwa aya ya maandishi na kila tendo lilikuwa neno lililochapwa. Unaweza kufanya jambo linalokaribiana na hilo leo kwa Twine, programu ya bure inayotumika kwenye kivinjari: mwanafunzi anaandika “vyumba”, anaviunganisha kwa viungo, na msomaji anachagua njia. Wachezaji hawakutani humo, lakini mwandishi analazimika kufikiri msomaji wake amesimama wapi na anaona nini. Kwa uandishi wa maelezo, pengine hii inazipita zote.

Hatua ya 3: Kipindi cha kwanza, miguu kabla ya kalamu

Mtu mzima aliyeketi darasani baada ya kazi ya kutwa ana haki ya kuuliza kwa nini anachezeshwa mchezo wa watoto. Mjibu mapema, kabla hajauliza, na umjibu kwa uwazi: mbele ya mnara wa mfano, dakika mbili zinatosha. Nimegundua kwamba wanaokataa zaidi ni wale wanaoogopa kibodi, na aibu yao wanaivalisha heshima. Usiwabembeleze hadharani. Waweke wawili wawili, mmoja ashike kipanya, mwingine asome ramani na kuongoza kwa mdomo, kisha wabadilishane.

Tayarisha dunia mwenyewe. Chagua hali ya ubunifu, ambamo vifaa havimaliziki na hakuna anayekufa njaa, na uondoe mazimwi. Ardhi iwe tambarare. Weka alama chache zinazoonekana kwa mbali: jiwe jeupe, mti mmoja, kisima. Zima mtikisiko wa kamera kwenye mipangilio, kwani baadhi ya watu hupata kizunguzungu na kichefuchefu hasa, na mtu aliyetapika kipindi cha kwanza harudi cha pili.

Katika kipindi hiki maandishi ni machache: kila mmoja ajenge kitu chochote cha ukubwa wa meza, aweke kibao mbele yake, aandike ni nini na cha nani. Basi. Wafundishe pia kupiga picha ya skrini (F2 kwenye Minecraft ya kompyuta ya aina ya Java Edition, F12 kwenye Luanti, kompyuta za mapajani nyingi hutaka ubonyeze na Fn pamoja), kwa sababu picha hizo ndizo zitakuwa ushahidi wetu.

Hatua ya 4: Mwandishi na mjenzi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ningekuwa na vipindi vitatu tu kwa muhula mzima, vyote ningevitumia hapa.

Gawa darasa katika jozi. Mwandishi anajenga kitu kidogo kwenye dunia yake, kisichozidi matofali 40, akiwa peke yake. Anakipiga picha pande mbili. Kisha anaandika maelekezo ya kukijenga, kwa karatasi au kwa programu ya kuandikia, bila mchoro wowote. Wasiozoea kibodi waandike kwa mkono. Tunachofundisha ni kuandika, kuchapa kutakuja kwenyewe.

Mjenzi hajaona kitu hicho wala picha zake. Anapokea maandishi, anaenda kwenye dunia tupu yenye alama zilezile, anajenga alichosoma. Asisaidie. Hili lirudie mara mbili, maana watu wazima ni waungwana: wakiona maelekezo yamepinda wanayanyoosha kimoyomoyo ili wasimwaibishe mwenzao. Mwambie mjenzi atende kama mtu asiye na busara ya ziada. Kama hakuna paliposemwa ukuta wa pili, hakuna ukuta wa pili.

Akikwama, anaruhusiwa kuuliza kwa maandishi tu, maswali yasiyozidi matatu. Mwandishi anajibu kwa maandishi. Vikaratasi hivyo vyote vihifadhiwe. Kila swali la mjenzi ni shimo kwenye rasimu, na mwandishi akiyakusanya maswali yake ya mwezi mzima atajiona mwenyewe anaanguka wapi.

Turudi kwa fundi wetu. Matatizo yake yalikuwa matatu, na yote yamo ndani ya maneno aliyotumia. “Urefu” ni wa kamba iliyolala na ni wa mtu aliyesimama. Yeye aliwaza kamba, mwenzake akawaza mtu. “Mbele ya mti” mmoja anaihesabu upande wa kwake, mwingine upande ule mti unakotazama, kama mti unatazama popote. Na “kushoto” ni kushoto kwa nani? Ana kwa ana tunayatatua haya kwa kidole na kidevu. Karatasi haina kidevu.

Rasimu yake ya pili ilikuwa hivi:

“Simama juu ya jiwe jeupe, mti uwe mbele yako na jua linapochomoza liwe mkono wako wa kulia. Kuanzia tofali linalofuata jiwe, panga matofali mekundu kumi chini kuelekea kwenye mti, yawe mstari mmoja ulionyooka. Juu ya mstari huo panga mingine miwili inayolingana nao, ili ukuta uwe na kimo cha matofali matatu. Sasa hesabu kutoka kwenye jiwe mpaka tofali la tano. Hapo toa tofali la chini na la katikati, uweke mlango kwenye uwazi huo.”

Angalia alichofanya. Ameanza kwa kumsimamisha msomaji mahali. Amepata neno “kimo”, ambalo hakuwa amelitumia hata siku moja mwaka huo. Ametumia “ili”, akatoa sababu, na msomaji anayejua sababu anaweza kujisahihisha. Pia sifa zote za “mzuri” na “imara” zimepotea, na hakuna aliyezikumbuka. Sikumfundisha lolote kati ya hayo kabla. Nilimfundisha baada ya mnara, alipokuwa anatafuta. Nilimpa maneno matano ubaoni (urefu, kimo, upana, unene, kina), akayachukua kama mtu anayechukua zana.

Ukifundisha lugha nyingine mitego itakuwa tofauti, ila utaiona kwa njia hiyohiyo.

Kuna faida moja sikuitarajia. Kitu hicho hakipo popote isipokuwa kwenye dunia ya mwanafunzi. Hawezi kunakili maelezo yake kutoka intaneti, wala programu ya akili mnemba haiwezi kumwandikia ukuta ambao haijauona.

Hatua ya 5: Sahihisha jambo moja

Mzunguko wa kwanza usiguse tahajia kabisa. Mpangilio kwanza: nani anasimama wapi, nini kinatangulia, nini kimerukwa. Mzunguko wa pili shughulikia sentensi. Tahajia na alama za uakifishi ziachie nakala ile itakayotiwa saini kwenye kitabu cha ndani ya gemu. Mtu mzima aliyerudishiwa karatasi yenye wekundu kila kona husoma jambo moja tu: kwamba hawezi.

Katika kila jozi, mjenzi ndiye aanze kuzungumza, na azungumze kwa kuonyesha: “Hapa uliposema pembeni, nilifika hapa nikakwama.” Mwalimu unafuata nyuma. Ukitangulia wewe, watakugeukia wewe kama jaji na zoezi limekufa.

Hatua ya 6: Kutoka maelekezo hadi barua na kumbukumbu

Baada ya majuma matatu au manne, wahamishie wote kwenye dunia moja na uwape darasa kijiji wakijenge pamoja. Kazi yako sasa ni kuleta matatizo. Usiku mmoja, wakiwa hawapo, niliziba njia ya kisima kwa ukuta na kuacha kibao: “Ujenzi wa kampuni. Hairuhusiwi kupita.” Walipoingia palizuka kelele ambayo sijawahi kuisikia katika somo la barua rasmi. Nikawaacha dakika kumi wachape hasira zao kwenye sehemu ya mazungumzo, kisha nikawaambia kampuni inapokea malalamiko kwa barua tu, na barua isiyosema kilichozibwa, lini, na kinachoombwa, inarudishwa bila kusomwa. Nilizirudisha saba. Zilipofika za mara ya tatu niliubomoa ukuta.

Yale mazungumzo ya hasira usiyafute. Yanakili, uyagawe kipindi kinachofuata, uwaambie wayageuze kuwa kumbukumbu za mkutano: waliohudhuria, hoja, maazimio. Wataona wenyewe kwamba “hahaha jamaa katuweza” haina mahali pa kukaa, na kwamba maneno 200 ya kelele yana hoja mbili. Kuhama kutoka lugha ya soga kwenda lugha rasmi kunafundishika kwa urahisi zaidi mtu akiwa na soga yake mwenyewe mkononi kuliko akiwa na mfano wa kitabuni.

Simulizi zinakuja zenyewe. Mwanafunzi mmoja, mama mkimya aliyekaa nyuma, alipotea pangoni kipindi kizima. Nilimwomba aandike shajara ya siku hiyo. Alileta kurasa nne, na sentensi ya kwanza ilikuwa: “Taa ya mwisho niliiweka nikijua sina nyingine.” Sikuigusa.

Hatua ya 7: Alama

Toa alama kwa maandishi, usitoe hata moja kwa jengo. Ukianza kusifu majengo, vijana wenye mikono myepesi watatawala na wazee watarudi nyuma. Mimi huweka mbele yangu rasimu ya kwanza, maswali ya mjenzi, rasimu ya mwisho, na picha mbili: kilichokusudiwa na kilichojengwa. Umbali kati ya rasimu ya kwanza na ya mwisho ndio ninaoupima.

Mambo yatakayokusumbua

Muda. Gemu inakula saa kama moto wa nyasi. Gawa kipindi cha dakika 90 hivi: 30 ndani ya gemu, zilizobaki nje, na uweke saa inayolia. Watalalamika, na ni dalili njema.

Bingwa wa darasa, yule anayejua gemu kuliko wewe, mpe kazi ya kuandika mwongozo wa wageni. Atakuwa na shughuli, na atagundua kwamba kujua kufanya na kujua kueleza haviishi nyumba moja.

Usalama: tumia seva yenu wenyewe na majina ya kubuni. Wasiweke nenosiri wanalolitumia benki au kwenye barua pepe.

Umeme ukikatika katikati, endeleeni kwa karatasi. Mjenzi achore kwenye karatasi ya miraba alichosomewa. Siku moja tulifanya hivyo kipindi kizima, na kusema kweli hapakupungua kitu kikubwa.

Mwisho wa muhula, nakili dunia zenu kwenye diski ya nje. Kwenye Minecraft ya kompyuta ya aina ya Java Edition ziko kwenye folda iitwayo saves, kwenye Luanti kwenye worlds. Weka pamoja nazo rasimu za mwisho, bila majina. Darasa jipya likija, kipindi cha nne wape maelekezo ya wale waliotangulia wajenge, kisha uwafungulie dunia ya zamani walinganishe. Ukuta wa fundi umejengwa upya mara sita tangu aondoke, na wajenzi watano waliuweka mlango mahali pake. Wa sita alianza kuhesabu kwenye jiwe lenyewe.